Saa Inayokimbia, Mashine Inayojikokota

6 Februari

Kwa Mjomba, fundi wa saa zote isipokuwa saa ya kula,

Shikamoo. Huku kwetu sote wazima. Goti la mama limetulia tangu alipoacha kupanda ngazi za jirani kwenda kuhakikisha kama umbea ni wa kweli. Siku hizi umbea unamfuata chini. Mtoto wa kaka ameota meno mawili na ameshamng'ata kila mtu wa nyumba hii isipokuwa mimi, kwa sababu mimi namrudishia. Natumaini nanyi hamjambo, na mkaza mjomba bado anakutawala kwa haki.

Nimepiga simu mara saba tangu mwaka uanze. Kila mara anapokea mkaza mjomba: uko dukani, uko bafuni, umetoka sasa hivi. Mjomba, ni mtu gani huyu asiyekuwepo kila mahali? Basi nimerudi kwenye karatasi.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Unajua kazi yangu hapa zahanati ni dirisha la usajili. Kila mgonjwa ana kadi ya plastiki yenye kile kipande cha rangi ya dhahabu, na ndani yake mna habari zake zote: alikuja lini, aliumwa nini, alipewa dawa gani. Naichomeka kwenye kimashine cha kusomea kadi, kimashine kinaipelekea kompyuta, halafu tunakaa tunatazamana, mimi na mgonjwa. Kinajikokota mno. Kadi ya kijana aliyewahi kuja mara moja kwa mafua inasomwa kwa sekunde tano. Kadi ya mzee mwenye sukari, presha na mgongo inachukua sekunde themanini. Yaani anayeumwa zaidi ndiye anayesimama zaidi. Nimehesabu kwa saa ya ukutani, ile yenye kiguu kinachobembea, maana simu tunaziacha kabatini kwa amri ya mkuu wetu, tunayemwita Bwana Utaratibu.

Siku mbaya kuliko zote ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, anapokuja daktari wa masikio. Huja mara moja tu kwa mwezi, foleni inafika barabarani, na Bwana Utaratibu anafunga dirisha saa tano kamili, mshale ukigusa tu. Wanaokuja na basi la saa nne, lile linalotoka huko kwenu, hawafikiwi.

Zamani uliniambia kila mashine ina moyo unaopiga. Je, moyo wa hii hauwezi kupigishwa haraka zaidi?

Mpwa wako,
Bisibisi


25 Februari

Kwa Bisibisi, mwizi wa bisibisi zangu tangu ana miaka sita,

Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Paa la jikoni liliacha kuvuja siku mvua ilipoacha kunyesha, kwa hiyo nimejihesabia kuwa nimelitengeneza. Mkaza mjomba wako hakubali. Simu yangu imeharibika, ndiyo sababu hunipati. Inatoa sauti kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Nitaitazama nikipata nafasi.

Ombi lako limenichekesha. Kwa miaka arobaini na moja watu wananiletea saa nizizuie zisikimbie. Leo damu yangu mwenyewe inaniomba nikimbize mashine! Haraka haraka haina baraka, nililiandika hilo ukutani dukani kabla hujazaliwa. Saa inayokwenda mbele ni mbovu sawa na inayochelewa, tena ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye nayo hujiona mwema.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana.

Lakini kwa kutaka kujua tu. Ndani ya saa za betri mna kipande cha fuwele, kidogo kama punje ya mchele, kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde moja. Huo ndio moyo. Mashine yako nayo itakuwa na fuwele, imo ndani ya kikopo cha bati kinachong'aa chenye miguu miwili. Juu yake pameandikwa namba. Ni namba gani? Usifungue mashine inayotumika. Na ukifungua nyingine, sheria ya duka unaijua: chora kwanza kwenye karatasi kila skrubu ilipotoka, na usijaribie kitu cha mteja.

Duka linaendelea. Saa za siku hizi hazina sauti, sijui wanazitengenezaje. Zamani ulikuwa unaisikia saa ukiwa mlangoni.

Ile saa ya mkononi niliyokupa ulipomaliza chuo inakwendaje?

Mjomba wako

Mpwa, ni mimi mkaza mjomba wako. Ameniachia bahasha niipeleke posta, nami nimeifungua kwa mvuke wa birika. Simu ni nzima. Saa nazo zinalia kama zilivyolia siku zote. Masikio ndiyo yamechoka, la kulia zaidi, na hataki mtu ajue. Dukani anatikisa kichwa kwa kila anachoambiwa. Wiki iliyopita alikubali kumtengenezea mtu baiskeli. Nikimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, ananijibu, "Ndiyo, naona mawingu." Usimwambie nimekwambia.


8 Machi

Kwa Mjomba mwenye "hapana" iliyojaa maswali,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto wa kaka ameongeza jino la tatu na maadui wapya. Mama anakusalimu, anasema ile saa ya kuamshia uliyomletea, inayolia kama jogoo aliyekanyagwa, ameitoa sadaka kwa mtu asiyempenda. Mwambie mkaza mjomba kwamba salamu zake nilizipata zikiwa bado za moto.

Namba ni 3.57. Usinikaripie, sikufungua inayotumika. Kabatini kulikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo, imepasuka kifuniko. Nilimwomba Bwana Utaratibu ruhusa ya kuichokonoa. Akasema niandike barua. Nikaandika. Akairudisha kwa sababu sikuacha nafasi ya kutosha pembeni. Nikaandika tena. Amekubali, kwa masharti: nifanye baada ya kazi, nisiguse kadi ya mgonjwa yeyote, na mwisho wa Mei mashine iwe imefaulu au imerudi kabatini. Skrubu zote nne nimezichora, moja nikaichora mara mbili kwa hofu yako.

Juzi ilikuwa Alhamisi ya daktari wa masikio. Kuna mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini, tunamwita Mzee Msumeno kwa sababu anaongea kana kwamba msumeno bado unanguruma. Huja na basi la saa nne. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Alipofika dirishani, saa ya ukutani ilikuwa ikionyesha saa tano na dakika sita, na Bwana Utaratibu alishaweka kibao cha kufunga. Nikamwambia pole, tumefunga. Akanishukuru kwa kelele, akidhani nimemwambia aingie. Ikabidi nimwandikie kwenye kikaratasi arudi mwezi ujao. Alikikunja vizuri akakiweka mfukoni. Nililia chooni, Mjomba, sikufichi.

Umesema haraka haraka haina baraka. Sawa. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Bisibisi


19 Machi

Kwa Bisibisi mbishi,

Marahaba. Huku salama. Njiwa wamejenga kiota juu ya bango la duka, na kila mteja anayeingia ananiletea habari hiyo kama mpya. Nimewaacha. Angalau wao hawadai saa zao.

Ndani ya bahasha kuna kiberiti, na ndani ya kiberiti kuna fuwele tatu kutoka lile kopo la peremende ulilokuwa ukilifungua kwa tamaa na kukuta vyuma. Moja ni ya sita, moja ya saba na kidogo, moja ya kumi. Nilizing'oa kwenye maredio na mitambo iliyokufa zamani. Mkaza mjomba wako alisema hazitahitajika hata siku moja, naomba umwandikie kuhusu hilo.

Ya saba na kidogo ni mara mbili ya hiyo yako, karibu sawasawa. Anza na hiyo. Usianze na ya kumi. Nakujua, utataka kuanza na ya kumi. Chuma cha kulehemu kiguse miguu kwa hesabu ya tatu tu, fuwele haipendi moto. Halafu jaribia kadi yako mwenyewe.

Mengine yote ni kama kwenye saa. Ukibadilisha moyo, magurudumu yanafuata, na mishale inafuata magurudumu. Hakuna kingine cha kugusa.

Duka linaendelea. Mwalimu mkuu mstaafu amerudisha saa yake ya mezani mara mbili, amekuwa mtu wa kulalamika. Niliiweka sikioni kabla ya kumpa, kama ninavyofanya kwa kila saa tangu nianze kazi hii, ikawa sawa. Uzee unambadilisha mtu.

Habari za saa niliyokupa hukunijibu.

Mjomba wako

Mpwa, birika limechemka tena. Saa ya mwalimu ilikuwa imesimama. Mjomba wako aliiweka sikioni, akatabasamu, akamkabidhi. Mwalimu ni muungwana, hakusema kitu dukani, alizunguka akaja kuniambia mimi jikoni. Wengine hawazunguki, wanapeleka saa zao kwa yule kijana wa stendi. Sasa ameanza kuzungumzia kufunga duka, anasema ni kwa ajili ya mgongo. Mgongo wake ungeweza kubeba duka lenyewe. Akilifunga, mpwa, sijui nitaishi na nani humu ndani. Mlete kwa huyo daktari wako, mimi nimeshindwa.


2 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa mimi, niliye mzima lakini nina hasira. Mama anasema nile kwanza ndipo niandike. Nimekula, hasira ipo pale pale.

Nilianza na ya kumi. Najua. Kadi ilinyamaza kimya, haikujibu hata salamu. Nikaitoa, nikaweka ya saba na kidogo. Hapo kadi ikajibu, kitaa cha mashine kikawakawaka upesi kuliko nilivyowahi kukiona, nikapiga kelele ya furaha. Kisha kompyuta ikaandika. Mjomba, iliandika takataka! Alama za kuuliza, vimstari, herufi za kwetu zimechanganyika na herufi za watu wengine. Bwana Utaratibu alikuwa nyuma yangu na sikujua. Akauliza, "Hiyo ni lugha gani?" Nikasema, "Ni majaribio." Akasema, "Naona inatukana."

Nimejaribu kadi yangu mara kumi, kila mara tusi jipya. Nimerudisha fuwele ya zamani, ikasoma vizuri kabisa, polepole kama kobe mwenye mzigo. Magurudumu hayakufuata, Mjomba. Sijui pa kugusa, na Mei si mbali.

Nina sababu ya kutaka hii mashine ikimbie ambayo sitaiandika. Ila ukitaka kuja kunitembelea siku moja, basi la saa nne lina viti vizuri. Alhamisi huwa halijai.

Bisibisi


29 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Nilifunga duka majuma mawili, nikawaambia watu napaka rangi. Sikupaka. Nilikaa ndani na barua yako na kopo la peremende, mkaza mjomba wako akinipita pita kama askari.

Nimekukosea. Nilikwambia hakuna kingine cha kugusa kwa sababu nilifikiri kama fundi saa. Kwenye saa, moyo na mishale vimeshikana kwa meno ya chuma. Kimoja kikikimbia, kingine hakina hiari. Mashine yako na kompyuta hazikushikana kwa meno. Zinazungumza tu kupitia waya, na kila moja ina mwendo wake. Ulipouharakisha moyo wa mashine, kadi nayo ikaanza kusema mara mbili ya zamani. Kompyuta hakuna aliyeiambia. Bado inasikiliza kwa mwendo ule ule iliouzoea, inadaka hiki, inakosa kile, na kwa kuwa inaona aibu kusema haikusikia, inajaza pengo kwa kubuni.

Utauliza nimejuaje, mtu ambaye sijawahi kugusa kompyuta. Jumapili mkaza mjomba wako alikuwa ananieleza jambo mezani, mbio mbio kama kawaida yake. Nilidaka vipande viwili vitatu, nikajaza vilivyobaki, nikajibu kwa ujasiri kwamba wapuliziwe dawa. Akaweka kijiko chini. Kumbe alikuwa ananipa habari kwamba binti wa dada yake amejifungua mapacha.

Alicheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka. Ndipo nikaielewa kompyuta yako. Inafanya ninachofanya mimi kutwa nzima, mwaka wa pili sasa. Saa ya mwalimu sikuisikia. Niliikumbuka tu inavyolia. Nimeshaandika, na sifuti.

Kosa si la kadi wala la kompyuta. Tafuta ndani ya kompyuta mahali palipoandikwa mwendo wa kusikiliza. Patakuwa na namba. Izidishe mara mbili.

Mjomba wako

Mpwa, safari hii bahasha ameniachia wazi. Alitaka niisome. Nimesoma, sina la kuongeza.


9 Mei

Mjomba! Mjomba! Mjomba!

Shikamoo. Imesoma!

Namba ilikuwa elfu tisa na mia sita. Nikafungua orodha, na humo ilikuwamo elfu kumi na tisa na mia mbili, mara mbili barabara, imekaa tu miaka yote hii hakuna aliyeiita. Nikaichagua. Nikachomeka kadi yangu. Jina langu likatokea, tarehe yangu ya kuzaliwa, yale mafua ya mwaka juzi, vyote safi kama vimeandikwa na mwalimu. Nikamwita mama aje na kadi yake, yenye historia ya magoti yote mawili. Zamani sekunde themanini. Sasa arobaini! Mama akasema, "Sasa nitapata wapi muda wa kuzungumza na watu wa foleni?"

Bwana Utaratibu hakuamini. Alichukua kadi kumi za sisi wafanyakazi, kila moja ikasomwa kwa mashine ya zamani na kwa mpya, akachapa zote, akalinganisha mstari kwa mstari kwa rula. Hakuna nukta iliyotofautiana. Akasema, "Hm." Kwake hiyo ni hotuba.

Limebaki tatizo moja. Kadi za miaka ya mwanzo, zile za bluu, haziwezi kasi hii. Zinanyamaza. Wenye kadi za bluu ndio wazee, na Mzee Msumeno ni mmoja wao. Siwezi kuwaharakisha vijana nikawaacha wao. Una dawa?

Sasa kaa kitako. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko mashine hii itakavyowahi kusoma kadi. Ile sababu niliyokataa kuiandika ni wewe. Tangu barua ya kwanza, ulipoanza kukimbia simu, ilikuwa wewe. Nilitaka foleni ipungue ili mtu akishuka kwenye basi la saa nne amkute daktari. Alhamisi ya kwanza ya Juni, Mjomba. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba peremende.

Bisibisi wako


18 Mei

Kwa Bisibisi,

Marahaba, na hongera. Nimemweleza kila mteja, hata wasioelewa, na hasa hao.

Kuhusu wazee wa bluu, usiwakimbize. Mashine ya santuri ya marehemu babu yako ilikuwa na swichi pembeni: sahani kubwa polepole, sahani ndogo haraka. Iweke swichi kama hiyo kati ya fuwele mbili, ya zamani na mpya, na kwenye kompyuta uchague mwendo unaolingana. Ije kadi ya bluu, unashusha. Ije nyingine, unapandisha. Nimeing'oa swichi yenyewe, imo ndani ya kiberiti. Babu yako angefurahi, alikuwa mtu wa kupanga foleni.

Kuhusu Alhamisi, sitaweza. Duka halina mtu. Tena mimi si mgonjwa, mimi ni mzee, na hivyo ni vitu viwili.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa umeniomba vizuri. Naogopa. Leo mimi ni fundi saa ambaye hasikii vizuri. Daktari akinitazama akasema hakuna la kufanya, nitarudi nyumbani nikiwa fundi saa asiyesikia saa, basi, imekwisha. Hivi nilivyo sasa bado naweza kusema saa za siku hizi hazina sauti. Niachie hilo.

Hujasema neno kuhusu saa niliyokupa. Hii ni mara ya tatu.

Mjomba wako

Tiketi mbili nimeshakata, viti vya mbele. Atanuna mpaka stendi, halafu atanunua karanga. Mkaza mjomba.


10 Juni

Kwa Bisibisi,

Sikungojea unisalimie kwanza, nina mengi. Tumefika salama. Nilinuna mpaka stendi. Karanga zilikuwa nzuri.

Ulikuwa bize dirishani, sikupata nafasi ya kukueleza niliyoyaona, na ulivyonikumbatia baadaye ulinibana sikio lenyewe. Kwa hiyo nakueleza sasa. Tuliingia saa nne na dakika tano. Mbele yetu kulikuwa na watu thelathini na mmoja. Nilikuwa nakutazama mkono. Kadi inaingia, unaiangalia rangi, kidole kinapanda au kinashuka kwenye swichi ya babu yako, kadi inatoka. Niliwapima wote kwa saa yangu. Hakuna aliyevuka sekunde arobaini na mbili ila wale wa bluu, na hao nao walipata pumzi zao. Miaka yote niliyokufundisha sikuwahi kukwambia una mkono mzuri. Una mkono mzuri.

Kadi yangu mimi ilikuwa mpya, haina kitu ndani. Ilisomwa kwa sekunde mbili. Miezi minne ya kuhangaika, nikapita kabla sijasimama sawasawa!

Nilikaa na Mzee Msumeno. Tulizungumza, yaani kila mmoja alipiga kelele juu ya habari zake na mwenzake akatikisa kichwa. Ukumbi mzima sasa unajua mkaza mjomba wako anakoroma. Alipoitwa kuingia kwa daktari hakusikia, nami sikusikia, ikabidi mkaza mjomba wako atusukume wote wawili.

Daktari alinichungulia masikio, akanivalisha vitu kichwani, akanipigia miluzi. Akasema la kulia limechoka sana, la kushoto limechoka kiasi, na yote mawili yanasaidika. Akaniwekea kifaa nyuma ya sikio, kidogo kama haragwe. Nikamuuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Nikashtuka, kwa sababu nilijisikia nikiuliza.

Sasa sikiliza. Nilitoka nikapita ukumbini. Watu wanakohoa, viti vinakwaruza, mtoto analia, vyote vilinijia pamoja kama mtu amefungua mlango. Na chini ya hayo yote nikasikia tik, tak. Nikasimama katikati ya ukumbi. Mkaza mjomba wako akadhani nimeugua. Mpwa, nilisikia saa. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikuyapangusa.

Halafu nikasikiliza vizuri. Tik, tak-tik. Tik, tak-tik. Saa yenu ya ukutani inachechemea! Nikaitazama, nikaitazama ya mkononi kwangu. Imetangulia dakika kumi na moja.

Umeelewa? Yule mzee wa watu siku ile ya Machi uliyemwandikia kikaratasi, alifika dirishani saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa amewahi. Mmehangaika usiku na mchana kuharakisha mashine inayojikokota, na juu ya vichwa vyenu saa inakimbia na hakuna aliyeiuliza. Nilimwonyesha Bwana Utaratibu. Akaitazama yake, akaitazama yangu, akaitazama yake tena. Akasema, "Hm." Kisha akaniomba nimwandikie barua. Nimemwandikia, nimeacha nafasi pembeni.

Sasa nakuuliza wewe, uliyelelewa chini ya meza ya fundi saa. Ungekuwa na saa yako mkononi ungeligundua hilo siku ya kwanza. Nilitazama mkono wako mzuri, nikauona mtupu. Umeifungua mwenyewe, sivyo? Na skrubu umepoteza. Na hukuchora.

Mimi nilificha masikio, wewe ukaficha saa, na mkaza mjomba wako akatufungulia barua sote. Hatudaiani.

Ile ya ukutani ifungeni kwenye blanketi, mpeni dereva wa basi. Na ile yako iweke ndani ya kiberiti hicho hicho, ije pamoja nayo. Haitoki dukani mpaka niiweke sikioni.

Mjomba wako

Mpwa, hujambo. Mwalimu ameleta tena saa yake, safari hii imeondoka ikitembea. Jana alasiri mjomba wako alizitia ufunguo saa zote za rafuni kwa pamoja, ndogo kwa kubwa, akavuta kigoda akakaa katikati yake hafanyi kazi yoyote. Nilimwita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa. Alinisikia mara ya kwanza, akakataa kuja.